Kula bila nyama Mombasa: wapi pa kwenda, nini cha kuuliza

Mgeni asiyekula nyama akishuka Mombasa huja na hofu moja: kwamba mji huu ni wa biriani, mishkaki na samaki wa kupaka, na yeye ataishia kula chipsi na kachumbari. Hofu hiyo haina msingi. Jiko la Waswahili limejengwa juu ya nazi, nafaka za jamii ya kunde na mboga za majani. Jiko la Wagujarati, waliokaa mji huu vizazi kwa vizazi, katika nyumba nyingi halijui nyama kabisa. Mwenye kuyafahamu majiko haya mawili anaweza kula Mombasa wiki nzima bila kurudia sahani, tena kwa pesa kidogo.

Shida iko kwingine. Vyakula vingi vinavyoonekana havina nyama vimeguswa na kitu cha mnyama mahali ambapo jicho halifiki: supu iliyopikiwa wali, samli iliyopakwa chapati, yai lililochanganywa kwenye unga wa viazi karai, uduvi uliotiwa kwenye mchicha, au mafuta yaliyokaangiwa sambusa za nyama dakika tano zilizopita. Anayekula maziwa na mayai ana matatu ya kuchunga: supu, uduvi na mafuta ya karai. Vegani, yaani asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, ana yote matano. Ndiyo maana hapa kila mahali pamepimwa kwa kipimo hicho, mbali na ladha.

Kwanza namna ya kuagiza. Hapa mtu akisikia "sili nyama" mara nyingi huelewa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Atakuletea kuku kwa moyo safi kabisa, na ukikataa kuku atakuletea samaki. Sema yote: "Sili nyama, sili kuku, sili samaki, na sitaki mchuzi wake." Vegani aongeze mayai, maziwa, mtindi na samli, akivitaja kimoja kimoja. Na badala ya kuuliza kama chakula kina nyama, uliza kimepikwa vipi: "Mama, haya maharagwe umeyatia nini?" Swali la pili humfanya mpishi akumbuke hatua zake, na hapo ndipo samli hutajwa.

Mbaazi na mahamri

Hiki ndicho chakula bora kabisa cha mla mboga Mombasa, na hakuna mkahawa wenye vitambaa vya meza unaokifikia. Mbaazi za nazi kwa asili yake ni chakula cha vegani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kavu hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa kwa maji mapya kwa saa moja hadi moja na nusu, mpaka ukiibana moja kwa vidole ipondeke bila kiini kigumu. Ndipo hutiwa tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu, pilipili mbichi, chumvi na manjano kidogo. Tui la kwanza, zito, huingia mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, huku mwiko ukizunguka polepole.

Mbaya utaitambua kwa macho. Tui lililochemshwa kwa nguvu hukatika: juu mafuta yamejitenga, chini maji yenye chembechembe. Halidhuru, lakini ladha imekwisha. Mbaazi zenye ngozi ngumu, zinazoteleza mdomoni bila kupondeka, ama hazikulowekwa au zimechemshwa kwa maji magumu ya kisima, ambayo huzifanya zikatae kuiva. Na mchuzi uliokuwa mzito mno, mweupe, usio na harufu ya nazi, aghalabu umetiwa unga wa ngano kufidia tui. Mpishi mzuri haoni haya kukuonjesha kijiko kimoja kabla hujaagiza.

Mahamri ndiyo ya kuulizia. Ya asili hukandwa kwa tui, sukari, hamira na hiliki, basi. Lakini wako wanaotia maziwa ya unga ili yawe laini, na wengine yai. Uliza "yamekandwa kwa tui au kwa maziwa?" Hilo ni swali la kawaida na halimuudhi mtu. Chagua yaliyofura, yenye uwazi katikati. Lililo bapa na zito lilikaangwa kabla unga haujaumuka vizuri au mafuta hayajapata moto, na litakuwa limekunywa mafuta.

Pa kuyapata ni kwenye vibaraza na vibanda vya Mji wa Kale, hasa upande wa Kibokoni, na vilevile Bondeni na Majengo. Muda ni tangu baada ya alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi. Ukija saa nne utakuta sufuria zinaoshwa. Hapo hapo utaona vitumbua na vibibi, ambavyo ni mchele, nazi, hamira na sukari, na mkate wa sinia ambao wapishi wengine huutia ute wa yai ili uinuke. Vitumbua ni salama zaidi kwa vegani. Chai iagizwe kwa jina lake, chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, yenye tangawizi na hiliki. Ukisema "chai" tu utaletewa ya maziwa, iliyochemshwa nayo tangu mwanzo na isiyoweza kutenganishwa.

Hoteli za wali mchana

Karibu na Marikiti, Mwembe Tayari na sokoni Kongowea hoteli ndogo hupika wali wa nazi, maharagwe ya nazi, pojo (choroko), mchicha, kisamvu na ugali kila siku ya kazi. Ni chakula cha wabeba mizigo na wenye maduka, kwa hiyo kinashibisha na bei yake haimtishi mtu. Wali wa nazi hupikwa kwa tui na chumvi, hauna shaka. Pojo ni tamu na mara nyingi haina kitu cha mnyama, ingawa wapo wanaoiunga kwa samli.

Mambo matatu huharibu hapa. La kwanza ni mchuzi wa juu. Mpakuaji amezoea kumiminia kila sahani kijiko cha mchuzi wa nyama ili wali usiwe mkavu, na hufanya hivyo kabla hujamaliza sentensi. Sema "usinitilie mchuzi" wakati sahani bado iko mkononi mwake tupu. La pili ni kijiko chenyewe: upawa mmoja hutembea kutoka sufuria ya nyama hadi ya maharagwe. Mwenye kujali hilo afike mapema, saa sita kasoro, sufuria zinapofunuliwa, aombe upawa mwingine. La tatu ni uduvi. Mchicha na kisamvu cha nazi hupendwa vikiwa na uduvi au dagaa waliosagwa, na waliosagwa hawaonekani. Hapa usitegemee macho, uliza.

Pilau na biriani visahau kabisa katika hoteli hizi. Pilau ya Mombasa hupikwa kwa supu ya nyama; kuondoa vipande vya nyama juu ya sahani hakuondoi supu iliyoingia ndani ya punje. Ukiona "pilau ya mboga" imeandikwa ubaoni, uliza imepikwa kwenye sufuria ipi. Kama jibu ni sufuria ileile, hiyo ni pilau ya nyama isiyo na nyama.

Kisamvu kinastahili neno la ziada. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kutiwa nazi. Kilichoiva kina rangi ya kijani iliyofifia na hakina ukakasi kooni. Kikiwa cha kijani kibichi na kinakwaruza ulimi, kiache. Na ukibahatika kukuta mchunga au mnavu, mboga chungu za Wamijikenda, chukua. Uchungu wake pamoja na ugali na nazi ni ladha ambayo hoteli za pwani za watalii haziwezi kukupa, na inasikitisha kwamba wageni wengi huondoka bila kuijua.

Jioni: karai na makaa

Kuanzia saa kumi jioni mji hubadilika. Pale Lighthouse na kando ya bahari ya Mama Ngina, bustani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2019, wauzaji hupanga majiko yao, na karibu kila wanachouza kinatoka shambani.

Muhogo wa kuchoma ndio salama kuliko vyote: makaa, muhogo, halafu hupasuliwa katikati na kupakwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Hakuna mafuta wala karai la mtu mwingine. Uangalie tu kabla haujapakwa pilipili. Nyama ya muhogo iwe nyeupe. Ukiona mistari ya buluu au nyeusi ndani, umekaa siku kadhaa tangu kung'olewa na utakuwa mchungu na wa nyuzi. Krispi za muhogo hukatwa nyembamba na kukaangwa mbele yako, zikatiwa pilipili na ndimu zingali moto. Hizo za papo kwa papo ni bora mara nyingi kuliko za mifuko, ambazo unyevu wa pwani huzilegeza kwa siku chache.

Viazi karai ndivyo vinavyowatega wengi. Kiazi huchemshwa, hukatwa, huchovywa katika uji mzito wa unga na rangi ya manjano, kisha hukaangwa. Uji huo kwa wauzaji wengine ni unga, maji, chumvi na manjano tu. Kwa wengine una yai. Angalia kando ya jiko: trei ya mayai ikiwapo na hapauzwi mayai ya kuchemsha, umepata jibu. Vinginevyo uliza. Bhajia za dengu hazina tatizo hili kwa kuwa unga wa dengu hujishika wenyewe bila yai, na vilevile badia za kunde, ambazo ni kunde zilizolowekwa, zikasagwa na kitunguu na pilipili. Kachori za Mombasa, viazi vilivyopondwa kwa ndimu, pilipili na dania kisha vikavishwa unga, ni chaguo zuri sana. Muulize tu muuzaji ule unga wa nje ni wa dengu au wa ngano na yai.

Viazi vya rojo ni mlo kamili katika bakuli: viazi ndani ya rojo chachu ya manjano, juu yake bhajia, chatini ya nazi, pilipili na krispi za muhogo zilizovunjwa. Agiza "bila mshikaki, bila yai", kwani wengi huongeza hivyo juu bila kuuliza. Chatini ya nazi wengine huichanganya na mtindi kupunguza ukali. Ile ya kweli ni nazi, pilipili mbichi, chumvi na ndimu au embe bichi, na rangi yake huelekea kijani. Chatini ya ukwaju haina shaka.

Sasa mafuta. Karai moja hukaanga bhajia, sambusa za nyama na pengine samaki kwa zamu. Mtu anayekula mboga kwa sababu ya dini hili ni jambo kubwa kwake, na hapaswi kuona aibu kuuliza. Njia mbili hufaa: chagua muuzaji wa bhajia na viazi peke yake, asiye na sambusa kabisa, au fika mwanzoni jioni mafuta yakiwa bado ya rangi ya dhahabu. Yakiwa meusi na yanatoa moshi, usinunue hata kama hayajagusa nyama. Bhajia itakuwa chungu nje na mbichi ndani.

Vinywaji vya jioni ni raha tupu kwa vegani: madafu, juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, ukwaju, na mabungo yakiwa msimuni. Juisi za maparachichi na maembe uliza kama zimetiwa maziwa. Kahawa tungu huuzwa kwa birika la shaba, na vitafunio vyake ni viwili vyenye tofauti kubwa: kashata ya nazi au njugu ni sukari na nazi au njugu tu, haluwa hupikwa kwa samli.

Haile Selassie, Langoni na thali

Upande wa barabara ya Haile Selassie, lilipo hekalu la Swaminarayan, na Langoni, lilipo hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya Kihindi isiyoruhusu nyama, lililojengwa mwaka wa 1963, ndiyo ramani ya asili ya chakula cha mboga mjini. Palipo na hekalu pana familia zisizokula nyama, na palipo na familia hizo pana maduka ya vitafunio vya Kihindi kama chevda, gathia na papad, na ya achari.

Mkahawa wa mboga tupu wa Kihindi una faida moja kubwa: hakuna nyama jikoni, kwa hiyo suala la upawa na karai halipo. Mayai pia hayapo, kwa kawaida. Jina linalotajwa tangu zamani na wasafiri ni New Chetna, Haile Selassie, kwa dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu), idli (andazi la mvuke la unga huohuo) na thali za mboga, yaani sinia lenye vibakuli vya vyakula mbalimbali. Piga simu kabla ya kwenda sehemu yoyote ya aina hii na uulize saa za chakula cha mchana, kwani thali hupikwa kwa kipimo na ikiisha imekwisha.

Kwa vegani, hata hivyo, mkahawa wa Kigujarati si salama moja kwa moja, na wengi hukosea hapa. Jiko hili halina nyama lakini limejaa samli na mtindi. Pitia thali sahani kwa sahani. Dal: dengu ya kawaida ya Wagujarati ni tuver, na tuver ni mbaazi ileile ya mahamri, iliyomenywa na kupasuliwa. Yenyewe ni safi. Kinachoamua ni kiungo cha mwisho cha haradali na jira, ambacho huchomwa kwa mafuta au kwa samli. Kadhi ni mtindi, irudishe. Mboga mbili kavu, mathalani bamia, biringani, kabichi na viazi au maharagwe mabichi, kwa kawaida hupikwa kwa mafuta. Rotli, chapati nyembamba ya Wagujarati, hupakwa samli ikitoka tu kwenye chuma, kwa hiyo useme kabla haijapikwa: "Bhai, rotli kavu, bila samli." Puri hukaangwa kwa mafuta na huwa na unga, maji na chumvi. Wali mweupe sawa. Papad sawa. Glasi ya chas iliyokuja pamoja na thali ni mtindi uliotiwa maji. Mithai, yaani vitamu vya Kihindi, karibu zote zina maziwa au samli. Kula chikki, ambayo ni njugu na sukari guru.

Dosa na idli hutokana na mchele na dengu za urad zilizolowekwa, zikasagwa na kuachwa zichachuke usiku mmoja. Katika joto la Mombasa uchachu huu huenda haraka, saa sita hadi nane tu, na mpishi asiyeangalia hutoa dosa kali kupita kiasi. Idli hupikwa kwa mvuke, haina mafuta yoyote. Dosa humwagiwa siagi au samli pembeni ili iachie chuma, omba mafuta. Ndani ya masala dosa ni viazi na vitunguu, na sambar ni mbaazi zilezile tena, zikiwa na ukwaju na mboga. Kwa maoni yetu hii ndiyo sahani ya mchana iliyo bora kwa vegani mjini kote, ikipikwa vizuri: karatasi ya dosa iwe ya hudhurungi na ivunjike kwa sauti, ikilegea kama chapati, chuma hakikupata moto.

Wanaofuata Ujaini hawali vitunguu, thomu, viazi wala mizizi mingine. Katika mikahawa ya Wagujarati sema tu "chakula cha Kijaini" na utaeleweka. Kwingineko ueleze orodha yote.

Blue Room, hukohuko Haile Selassie, ipo tangu mwaka wa 1952 na ni taasisi ya mji kwa sambusa, bhajia na aiskrimu. Si mkahawa wa mboga tupu, kwa hiyo mla mboga aulize habari za mafuta ya sambusa. Ni pahali pazuri pa kundi lililochanganyika, la wanaokula nyama na wasiokula. Shehnai, mtaa wa Maungano, ni wa mapishi ya Kimughal, yaani ya kaskazini mwa India: orodha ya mboga huwa ndefu katika mikahawa ya aina hii, lakini michuzi yake ya laini huwa na malai (krimu ya maziwa), siagi au mtindi, na nan hukandwa kwa maziwa au mtindi. Vegani aagize roti ya tanuri, ambayo ni unga na maji, pamoja na mboga kavu kama viazi na koliflawa au bamia, akataze siagi juu. Dal nyeusi ya siagi na malai aiache. Hapa gharama imepanda: mahamri matatu na sahani ya mbaazi havifiki hata robo ya bei ya mlo mmoja wa mezani.

Nyali na hoteli za ufuo

Nyali na Bamburi zina mikahawa ya kisasa yenye saladi na vyakula vya Kiitaliano. Si vibaya, lakini havihusiani na Mombasa, na bei ni ya watalii. Hoteli za ufuo zenye meza ndefu za kujipakulia huwatendea walaji mboga kwa uvivu: tambi, mboga za kuchemsha na chipsi, siku baada ya siku, wakati jikoni kuna wapishi wa pwani wanaojua mbaazi tangu utotoni. Dawa ni kuzungumza na mpishi mkuu jioni moja kabla. Jioni, kwa sababu mbaazi lazima zilowekwe. Ukiomba asubuhi atakupa za mkebe. Omba mbaazi, mchicha wa nazi bila uduvi na wali wa nazi, na utaona anavyofurahi.

Mwezi wa Ramadhani panga upya ratiba. Mchana hoteli nyingi za Mji wa Kale hufungwa, na kula hadharani si adabu. Thali za Haile Selassie ndizo za kutegemea wakati huo. Lakini magharibi ikiingia, futari ya Mombasa ni karamu ya mla mboga: viazi vitamu vya nazi, muhogo wa nazi, ndizi mbichi, mashelisheli, tambi za sukari, kaimati. Vya nazi hivi mara nyingi havina kingine ila chumvi au sukari na hiliki. Kaimati ndizo za kuulizia, maana wengine huzikanda kwa mtindi. Muhogo na ndizi hupikwa wakati mwingine kwa nyama ndani, hasa kwa futari kubwa, hivyo uliza kabla ya kupakuliwa. Ijumaa za mwaka mzima nazo zina kituo chake: kati ya saa sita na saa nane mchana maduka mengi ya Mji wa Kale huwa yamefungwa kwa swala.

Ukiwa na jiko

Aliyepanga nyumba aende Marikiti, soko lililojengwa mwaka wa 1914, ambapo viungo, nafaka na mboga viko hatua chache kutoka kwa kila kimoja. Mbaazi kavu chagua zenye rangi moja zisizo na matundu. Tundu ni alama ya mdudu, na gunia lenye vumbi jeupe chini limeliwa. Nazi itikise sikioni: maji yasikike yakicheza, na macho yake matatu yawe makavu. Yakiwa na unyevu au ukungu, imeoza.

Kwa watu wanne, nusu kilo ya mbaazi kavu na nazi mbili zatosha. Nazi inaweza kukunwa sokoni kwa mashine, lakini ni lazima itumike siku hiyohiyo; iliyokunwa na kufungwa kwenye mfuko huchacha ndani ya saa chache kwa joto letu, na tui lake huwa na harufu ya sabuni. Tia kikombe kimoja cha maji vuguvugu, si ya moto, kamua, chuja, weka kando: hilo ni tui zito. Rudia kwa vikombe vitatu: hilo ni jepesi. Mbaazi zikishaiva mimina tui jepesi, kitunguu kimoja kikubwa, pilipili mbichi mbili zisizokatwa na nusu kijiko cha chai cha manjano, uache zichemke dakika 15 hadi 20. Punguza moto, tia tui zito na chumvi, koroga bila kuacha kwa dakika tano hadi saba, uepue mara tu linapoanza kutoa povu pembeni. Ndimu ukiitaka, itie sahanini. Ikiingia sufuriani mapema tui hukatika.